Duara Lenye Nukta Katikati

Jumamosi iliyopita binti yangu alirudi kutoka kwenye mazoezi ya skauti akiwa bado na skafu shingoni, akaokota kipande cha mkaa jikoni, akapiga magoti barazani na kuchora duara kubwa juu ya saruji. Katikati ya duara akaweka nukta moja, akaikoleza, kisha akaniita.

"Baba, unaijua hii?"

Nilimjibu kwamba naijua. Hata hivyo alinieleza yote aliyofundishwa asubuhi ile: kwamba hiyo ndiyo alama ya mwisho katika alama za njia, kwamba maana yake ni "nimekwenda nyumbani", na kwamba imechongwa kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kule Nyeri, nchini Kenya, alikofia tarehe 8 Januari 1941. Alipomaliza akaitazama tena michoro yake, akauliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu.

"Sasa mimi nikiikuta porini nifanye nini? Aliyekwenda nyumbani ni yeye, siyo mimi."

Mama yake akamwita akaoge, naye akaondoka bila kusubiri jibu. Mimi nilibaki barazani mpaka giza likaingia.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba mwaka 1996 nimeuandika mara nyingi: nyumba ya Block T, ugonjwa wa bibi, baiskeli ya mjomba. Kambi ya Juni mwaka huo sijaiandika hata mara moja, na sikuisahau.

Nilikuwa kidato cha tatu, kiongozi wa kikosi cha Mbega. Tulikuwa wanane. Lori lilitutoa Mbeya mjini asubuhi, likapita Uyole na kushika barabara ya Tukuyu, likapanda milima ya Uporoto hadi upande wa Isongole, nasi tukapiga mahema kwenye uwanja wa nyasi chini ya msitu wa Ngozi. Wanaoijua Juni ya kule hawahitaji kuelezwa baridi yake. Alfajiri ya kwanza tuliamka tukakuta sakitu juu ya nyasi na kamba za mahema zimekakamaa kama fito. Tulipandisha bendera huku tumeficha mikono kwapani, mwalimu wetu akatukaripia, tukaitoa.

Siku zilikwenda haraka: ukaguzi wa mahema, mafundo ya kamba, huduma ya kwanza, kuni, maharage yasiyoiva kwa sababu ya mwinuko. Usiku mwalimu alitusimulia habari za kambi ya kwanza kabisa, ile ya Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, ambako Baden-Powell alichukua vijana wapatao 20, akawagawa katika vikosi 4, na kila kikosi akakiweka chini ya kijana mwenzao. Mwalimu aliirudia sehemu hiyo kwa kusisitiza. Alisema huo ndio moyo wa skauti, kwamba mtoto hukabidhiwa watoto wenzake, na siyo kwa mchezo. Usiku huohuo alituonyesha alama za njia kwa kijiti kwenye majivu: mshale, njia ni hii, msalaba, usipite hapa, mshale wenye kisanduku na namba ndani yake, kuna barua imefichwa umbali wa hatua hizo. Mwishoni akachora duara na kutuambia habari za kaburi la Nyeri. Mdogo wetu, kijana wa kidato cha kwanza aliyekuwa amejiunga na kikosi miezi mitatu tu kabla ya kambi, aliuliza kama mtu anaruhusiwa kuichora alama hiyo akiwa hai. Wengine walicheka. Mwalimu hakucheka, alimjibu kwamba anaruhusiwa, ilimradi awe kweli amekwenda nyumbani.

Siku ya nne ulikuwa mchezo wa kufuata njia. Kazi yangu ilikuwa kutangulia peke yangu na kuweka alama, nao saba wangefuata baada ya nusu saa. Nilipanga njia iishie juu kabisa, kwenye ukingo wa kreta, mahali msitu unapofunguka ghafla na ziwa Ngozi linaonekana chini sana, la kijani, limezungukwa na kuta za mlima pande zote na halina mto unaotoka. Asubuhi hiyo niliandika barua kwa penseli, nikaikunja na kuificha chini ya jiwe katikati ya njia, hatua 12 kutoka kwenye alama. Nilimwambia yule mdogo, mbele ya wenzake, kwamba barua hiyo ni yake: wakifika kwenye kisanduku, yeye ndiye atakayehesabu hatua na kuitafuta. Nilitaka apate jambo lake la kujivunia.

Nilipokuwa kwenye mianzi, kabla ya ule mpando mkali wa mwisho, ukungu ulishuka. Haukuja polepole. Niliuona ukijaa kati ya miti juu yangu, mbega wakanyamaza, na baada ya muda mfupi sikuweza kuona mianzi iliyo hatua kumi mbele. Niliogopa ukingo ule, na hadi leo naamini niliogopa kwa haki. Niliamua kukatisha mchezo. Nilisafisha majani njiani, nikachora duara kwa kijiti, nikalizungushia mawe madogo, nikaweka jiwe moja jeusi katikati, kisha nikateremka kwa njia ya mkato inayopita kwenye mashamba ya viazi. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila nilikuwa nimeisahau barua.

Wenzangu walifika kambini kiasi cha dakika 40 baada yangu, wamelowa, wakikimbilia jikoni. Kulikuwa na chai ya rangi yenye tangawizi nyingi. Nilikuwa nimesimama kando ya mafiga, kikombe cha bati mikononi, vidole ndiyo kwanza vinaanza kurudi, mwalimu alipopita na daftari lake na kuniuliza kuhusu kikosi changu.

"Mbega, wote wapo," nilisema.

Sikuwa nimehesabu. Niliona kundi la migongo limezunguka moto, nikaona linatosha. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri.

Saa kumi na mbili jioni tulijipanga kushusha bendera, na kila kiongozi alipaswa kupita mbele ya kikosi chake akigusa mabega. Niligusa mabega sita. Nikarudia kuanzia mwanzo, nikapata sita. Mtu wa mwisho kwenye mstari alinong'ona kwamba walipofika kwenye kisanduku walimwacha mdogo akitafuta barua, na walipoikuta alama ya duara walishuka wakidhani kwamba yeye ameshakata njia na kutangulia. Kila mmoja alikuwa amedhani hivyo peke yake, bila kumuuliza mwenzake.

Tulikwenda watatu: mwalimu, mimi, na mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuja na panga na koti zito la mvua. Tochi ilikuwa moja. Katika ukungu mwanga wa tochi hauendi mbele; unagonga weupe na kurudi machoni, hivi kwamba mtu anaona mkono wake vizuri kuliko njia. Mwalimu alipuliza filimbi kila baada ya muda, tukasimama kusikiliza, tukasikia matone tu. Hakuna aliyenisema. Njiani nilifikiria kuta za kreta, na lile kaburi la Nyeri, na swali la mtoto yule kuhusu alama inayochorwa na mtu aliye hai. Nikajiona kana kwamba ni mimi niliyelichonga duara lile juu ya jiwe lake.

Kitu cha kwanza tulichokiona ni skafu. Ilikuwa imefungwa kwenye mwanzi, juu kidogo ya kimo cha mtu, kwa fundo safi ambalo mimi mwenyewe nilimfundisha siku mbili kabla. Chini yake alikuwa ameketi, amekumbatia magoti, amerundika majani makavu ya mianzi juu ya miguu yake hadi kiunoni. Mbele yake lilikuwepo duara langu la mawe. Hakulivuruga hata kidogo. Majani yaliyoangukia ndani yake alikuwa ameyaondoa, na lile jiwe jeusi lilikuwa mahali palepale nilipoliweka.

Alisimama. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba maneno yalikawia, lakini aliinua vidole vitatu akanipigia saluti, kisha akanyoosha mkono wa kushoto, kama tunavyosalimiana. Niliushika. Ulikuwa baridi kama chuma cha bomba la maji alfajiri, na ulikuwa umefumbata kitu. Ilikuwa barua.

"Mbona hukupuliza filimbi?" mwalimu alimuuliza.

"Filimbi ni ya aliyepotea, mwalimu. Mimi nilikuwa njiani."

Nikamuuliza kwa nini hakushuka, kama alama ilivyosema.

Alinitazama. Nakumbuka hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemweleza mkubwa wake hesabu ambayo mkubwa angepaswa kuijua. "Barua inasema twende ukingoni tukusubiri hapo, kaka. Alama inasema umekwenda nyumbani. Zote mbili umeziweka wewe. Nilipoona hazipatani, nikaona nisiende juu wala chini. Nikasema kaka akifika kambini atahesabu, ataona sipo, atarudi kwenye alama yake ya mwisho."

Mzee alivua koti lake akamfunika, akamkanda mabega kwa mikono yake miwili mikubwa, na mtoto akamshukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo", kwa sauti ndogo sana. Mwalimu alichukua barua, akaisoma kwa mwanga wa tochi, akaikunja na kunirudishia bila neno. Ilikuwa saa mbili usiku. Nilimbeba mgongoni hadi mashambani, kisha mwalimu akanipokea.

Yaliyobaki ni machache. Hakuugua. Usiku wa mwisho tuliwasha moto wa kambi, tukamvisha mgeni rasmi skafu, na mwalimu akasimulia mbele ya vikosi vyote jinsi kijana mdogo alivyotulia katika hatari na jinsi kiongozi wake alivyorudi msituni gizani kumfuata. Walimpigia makofi yeye, kisha wakanipigia mimi. Nilisimama, nikapokea. Mwalimu hakutaja chai wala yale maneno "wote wapo", na sijui kama aliyasahau au aliniachia niyataje mwenyewe. Yule mdogo alikuwa ameketi upande wa pili wa moto, akipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Mwisho wa mwaka ule baba yake alipata uhamisho, familia ikahama Mbeya, na sijamwona tena.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikijiambia kwamba utii wake ndio uliomwokoa. Siku hizi sina hakika. Angetii barua, angepanda ukingoni katika ukungu ule. Angetii alama, angeitafuta peke yake njia ya mkato asiyoijua. Alichokitii ni kitu kingine ambacho sikukiandika popote: imani kwamba mtu aliyekabidhiwa yeye atahesabu. Nami nilihesabu, lakini kwa kuchelewa saa mbili na nusu, na kwa sababu tu kengele ya bendera ilinilazimisha. Ingekuwa kambi isiyo na bendera jioni, sijui.

Jumatatu nilikwenda shuleni kwa binti yangu kurudisha fomu ya ridhaa ya kambi yao. Mwalimu wao wa skauti ni kijana mchangamfu, alinionyesha orodha ya vifaa, idadi ya mablanketi, na mahali watakapopata maji. Nilimuuliza watoto watahesabiwa mara ngapi kwa siku.

"Mara tatu, mzazi. Asubuhi, mchana, na jioni kwenye bendera."

"Nani anahesabu?"

"Viongozi wa vikosi, kisha wananiletea taarifa." Akatazama orodha yake, akatabasamu. "Kikosi cha Swala ni binti yako mwenyewe. Wenzake walimchagua wiki iliyopita. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Nilisaini fomu. Jioni nilimkuta barazani akijizoeza mafundo, duara lake la mkaa likiwa bado pale kwenye saruji. Nilivuta kigoda, nikamwambia kwamba nina jibu la swali lake, au pengine nusu ya jibu, na kwamba siyo hadithi ninayopenda kuisimulia. Akaweka kamba chini. Nikaanzia kwenye kikombe cha chai.