Kusikiliza fikra zikiwa njiani

Wiki hii, hapa Mikindani, nilimwomba mpwa wangu akokotoe bei ya kilo 12 za korosho huku akitamka kila kinachomjia akilini. Hakuzidisha kwa namna aliyofundishwa shuleni: alianza na kilo 10, akaongeza bei ya kilo mbili, kisha akarudi nyuma kuhakiki, na jibu lilikuwa sahihi. Daftari lake peke yake lisingenionyesha njia hiyo.

Wanasaikolojia wamebishana kwa muda mrefu kama maelezo ya mtu kuhusu fikra zake mwenyewe yanaaminika. Wilhelm Wundt, aliyeanzisha maabara ya saikolojia mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, aliwataka washiriki waliozoezwa waeleze hisi zao wenyewe. Baadaye wanasaikolojia wengi wa Marekani waliukataa ushahidi wa aina hiyo, wakachunguza matendo pekee. Mwaka 1980 watafiti wa fikra Anders Ericsson na Herbert Simon waliyatetea maneno yanayotamkwa kazi ikiendelea, wakiyatofautisha na sababu ambazo mtu huzitoa baadaye, ambazo pengine huzitunga bila kujua. Kwangu mimi mwalimu, tofauti hiyo ni ya msingi kabisa.

Kesho nitawaomba wanafunzi wangu wafanye vivyo hivyo katika hesabu za sehemu, ambako chanzo cha makosa yao hujificha zaidi.