Siku za mbalamwezi

Jumapili usiku, Kirumba, Mwanza.

Mwezi umekomaa. Nimetoka kuanua nguo, nikatupa jicho ziwani. Wiki mbili zilizopita huko kulijaa taa za wavuvi wa dagaa, mgeni angeapa kuna mji mwingine katikati ya maji. Leo hakuna hata moja. Dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikitanda taa ya mvuvi haina kazi, iwe karabai ya zamani au hizi za sola za siku hizi. Mitumbwi imevutwa nchi kavu, sokoni Mwaloni hakuna purukushani, na mimi karani wa ghala la dagaa sina cha kuandika. Ndiyo maana nimelifungua tena lile daftari.

Nililinunua Januari, siku ya semina ya "kulijua kusudi la maisha yako". Kiingilio elfu kumi, soda ndani. Mzungumzaji alitutaka tuandike kusudi letu kwa sentensi moja, dakika tano. Nikaandika: kuwa daktari wa watoto. Nina miaka 36, na kemia ya kidato cha nne nilipata F. Nilipoisoma tena nikaitambua, ilikuwa sentensi ya baba, aliyoitamka mbele ya kila mgeni tangu nikiwa darasa la tatu. Nikaifuta. Nikaandika kumtumikia Mungu na jamii, nayo ikanukia barua ya kuomba kazi. Ya tatu, kumiliki biashara yangu, niliichungulia kwa dada aliyekaa kushoto kwangu. Kengele ikalia ukurasa umechafuka kwa wino.

Sisemi ile semina ni utapeli, wapo waliotoka wanalia kwa furaha. Ila mimi mtu akiniuliza ghafla "wewe ni nani hasa?" najibu kama niko kwenye usaili, na kwenye usaili nani asiyeongeza chumvi?

Basi Machi nikabadili swali. Kila usiku, mstari mmoja: leo nimefanya nini ambacho hakuna aliyeniagiza wala kunilipa?

Kurasa za mwanzo ni aibu tupu. Jumatatu, hakuna. Jumanne, hakuna. Jumatano, nimelala saa mbili. Alhamisi, nimemsomea mama wa dagaa karatasi yake ya mkopo. Ijumaa, hakuna. Wiki iliyofuata, nimewapigia hesabu ya kikoba wale wanne wa kichanja cha mwisho cha kuanikia dagaa. Halafu tena karatasi ya mkopo, ya mtu mwingine. Halafu kijana wa mkokoteni, nimemfundisha kusoma mzani asipunjwe. Nilipohesabu leo, katika mistari 41 yenye kitu, 29 ni hesabu. Hesabu za watu, nikizifafanua nimesimama, mkoba begani, nimechelewa daladala.

Yule mama wa kwanza namkumbuka vizuri. Alichomoa karatasi kwenye pindo la kanga, imekunjwa mara nane, ina magamba ya dagaa yamekaukia humo. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, laki tatu. Wamekata elfu thelathini za fomu na "huduma", akapewa 270,000. Marejesho 15,000 kila siku, siku 26. Yeye alichokiona ni ile elfu kumi na tano, kwamba siku ya jua kali akianika vizuri anaipata. Nikageuza boksi la maji, nikaandika kwa kalamu ya ghala: 15,000 mara 26. Akaifuata mikono yangu kimya. Ilipotoka 390,000 akaniuliza, "Sasa hiyo laki na ishirini inatoka wapi, mwanangu?"

"Inatoka kwako, mama."

Akaketi juu ya gunia. Sikujua niseme nini, nikamnunulia chai. Mvua nayo ilinyesha siku tatu mfululizo wiki ile, na dagaa wakiloa kichanjani huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kujua hesabu hakukumpunguzia hata senti, na hilo limenikaa.

Jumamosi nilikwenda Sengerema kumsalimia baba. Zamani safari hiyo ilikuwa na kivuko cha Kigongo katikati. Unaweza kusubiri saa nzima, unakula mahindi ya kuchoma, unawaza mpaka unachoka kuwaza. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji tunazipita kabla sijamaliza kujibu meseji. Silalamiki, wagonjwa wamefia sana kwenye foleni ile. Lakini nadhani nusu ya mambo ninayoyajua kuhusu nafsi yangu niliyajua pale Kigongo.

Nilimkuta chini ya mwembe, tukasalimiana kwa Kisukuma. "Mwangaluka, baba." "Mwangaluka, mayu." Tukala, nikamwuliza kama enzi zake za ziwani aliwahi kujihoji ameumbwa kwa ajili ya nini. Akadhani nimefukuzwa kazi. Nilipomtoa wasiwasi akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote 36.

"Mimi uvuvi sikuupenda hata siku moja. Ziwa lilikuwa linanitisha."

"Sasa ulikuwa unavua kwa nini?"

"Mlikuwa mnakula nini?" Akacheka. "Nilikuwa nangoja mbalamwezi. Siku hizo hatuendi, nakaa nashona nyavu. Walikuwa wananiletea mpaka za mitumbwi mingine. Mama yako akigomba, maana hawalipi."

Akaingia ndani, akatoka na sindano ya mti ya kushonea nyavu, imelainika kama kijiko, uzi wa nailoni bado umezungushwa. Akanionyesha namna fundo linavyopita juu ya kidole ili tundu zote zilingane. Macho yake hayaoni vizuri sasa. Vidole havikukosea. Nami nilikuwa namkumbuka kama mvuvi, hata shuleni fomu zote nilijaza hivyo: kazi ya baba, mvuvi. Kuhusu udaktari wangu hakugusia, wala sikumwuliza.

Kazi ya ghala siachi. Kodi ni kodi. Ila nimemwomba bosi ile meza ya plastiki iliyovunjika mguu, nimeifunga waya, nimeiweka nje upande wa vichanja, Alhamisi kuanzia saa kumi.

Alhamisi iliyopita aliyetangulia alikuwa yule yule mama. Ada ya mtoto imebana, anakopa tena, kwa walewale. Nikakunja uso, akaona. Akachomoa karatasi penye pindo la kanga, safari hii nyeupe, haijakunjwa zaidi ya mara moja.

"Usinune," akasema. "Nisomee kwanza. Bado sijaweka dole gumba."