Sindano Aliyonyimwa Mama

Mama aliingoja hija tangu 2020. Mwaka ule korona ilifunga njia, na uliofuata Saudia ikawapokea wakaazi wake peke yao. Ilipofungua 2022 ikatoa sharti kwamba anayekuja awe chini ya miaka 65, naye alikuwa ameshapita. Basi 2023 sharti la umri lilipoondolewa, mtaa wetu wa Kibokoni, Mombasa, mzima hakukuwa na mwenye haraka kumshinda. Siku ya chanjo alinigongea mlango hata chai sijamaliza, buibui keshavaa.

Kliniki ilijaa wanaokwenda hija na jamaa zao. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni lazima kwa kila hujaji. Ya homa ya manjano nayo huulizwa, kwa sababu Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Watu waliingia na kutoka, pamba mkononi. Zamu yetu ilipofika, sista aliuliza, "Mama, una ugonjwa wowote?"

"Sina, mwanangu, alhamdulillahi. Haya magoti tu na vidole."

Wengi wangeandika "hana" wakaita mwengine. Huyu hakuandika. "Na hayo magoti unayatuliza kwa dawa gani?"

Mama akafungua mkoba. Methotreksati, ambayo nyumbani tuliita dawa ya Ijumaa kwa kuwa huinywa mara moja tu kwa wiki, na prednisoloni ya kila asubuhi. Sista alizisoma paketi pande zote mbili. "Ya uti wa mgongo nakudunga sasa hivi, na ya mafua pia. Ya manjano sikudungi."

Ungemwona mama! Sista akavuta kiti akamweleza taratibu. Baridi yabisi yake ni ile ambayo kinga ya mwili hugeuka kuvila viungo vyenyewe, na dawa zile humpa nafuu kwa kuishusha kinga hiyo. Chanjo mbili za kwanza hazina kijidudu hai. Ya homa ya manjano ina kirusi hai, kilichodhoofishwa tu. Mwenye kinga timamu hukimaliza, lakini kwa aliyeshushwa kinga kinaweza kuzaana na kumdhuru. Isitoshe, aliyepita miaka 60 huwa na hatari zaidi ya madhara ya chanjo hiyo, hata kama hatumii dawa yoyote. Mama alikuwa na sababu zote mbili.

Akaanza kupatana kama yuko Marikiti. "Basi wiki hii nisizinywe, nidungwe, nikirudi niendelee?" Hapana. Kinga hairudi kwa wiki moja, na prednisoloni haikatwi ghafla: mwili uliozoea kuletewa huwa umepunguza kutengeneza homoni yake yenyewe, na mtu anaweza kuanguka.

Kilichobaki ni barua ya daktari ya kumsamehe chanjo hiyo, nayo kanuni za afya za kimataifa zinaitambua. Tukaenda kwa daktari wake wa viungo. Barua aliiandika upesi, muhuri ukapigwa, lakini hakutuachia tuondoke. Alitaka kwanza picha ya kifua, kwa kuwa kifua kikuu kilicholala mwilini kinaweza kuamka kinga ikishuka. Picha ilipotoka safi ndipo akaanza mawaidha. Avae barakoa kwenye msongamano. Maziwa ya ngamia asiyaguse mpaka yachemshwe. Na asingoje joto lipande ndipo ajue anaumwa, maana prednisoloni huweza kuificha homa. Akiona baridi, kikohozi au uchovu usio wa kawaida, amwone daktari na amuulize kama dawa ya Ijumaa isimame kwanza.

Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya karatasi: SEPTRIN HAPANA. Mimi ndipo niliposhtuka. Septrin ndiyo dawa ambayo huku kwetu mtu akikohoa hutuma mtoto kemisti. Daktari alisema ikikutana na methotreksati huweza kuvuruga uboho unaotengeneza damu, na mtu akabaki hana hata chembe za kupigana na ugonjwa ule aliokuwa akiutibu. Nilijiuliza ni wazee wangapi mtaani wanaokunywa dawa za viungo bila kuambiwa hili. Hata leo naona ajabu kwamba fomu nyingi humuuliza mtu anaumwa nini, na hazimuulizi anakunywa nini.

Jeddah afisa aliisoma barua, akamtazama mama, akampisha. Kaka yangu aliyefuatana naye anasema haikuchukua hata dakika.

Baada ya siku chache simu ikaingia usiku kutoka Makka. Mama anakohoa, kama walivyokohoa nusu ya mahujaji. Bibi mmoja wa Lamu, mwenzake wa chumbani, alikuwa amempa vidonge kwa huruma. "Nisomee," nikamwambia. Akatafuta miwani. "Es… i… pi…"

"Mrudishie, mama."

"Nimeshamrudishia. Nataka tu mtu wa kumwambia kwa nini."

Asubuhi daktari wa msafara alimpima kifua, akampa dawa nyengine, akaisimamisha ya Ijumaa mpaka apone. Yule bibi wa Lamu alinuna mpaka Arafa.