Paswadi ya Hajji

Mwaka 2011, Sudan Kusini ilipopata uhuru, vijana wengi wa Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, walikimbilia Juba kutafuta riziki, na karani wa Hajji alikuwa miongoni mwao. Hajji alikuwa na duka la jumla: saruji, mabati, sukari. Wateja wake wakubwa walitoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na wengi walichukua mali kwa mkopo. Madeni yote yalikuwa ndani ya faili ya Access, programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu, ambayo karani aliitengeneza mwenyewe na kuifunga kwa paswadi.

Siku moja umeme ulikatika, uliporudi ukaunguza kompyuta ya ghalani iliyokuwa na faili hiyo. Diski ilipona. Hajji akanunua kompyuta ya mtumba hukohuko Ariwara, faili ikahamishiwa humo, na kila walipoandika paswadi ikajibu kuwa si sahihi. Wakampigia karani simu. Akawatajia herufi moja moja: maziwa2008, zote ndogo. Ikakataa. Akarudia. Ikakataa tena.

Nilipoitwa, hukumu ilikuwa imeshatolewa.

"Huyu mtoto ameniibia," Hajji aliniambia kabla sijaketi. "Amefunga ili nisione. Wewe vunja tu, mwanangu."

Kuvunja kusingekuwa kazi. Faili za zamani za Access, zile za .mdb, huficha paswadi mwanzoni mwa faili yenyewe, na programu ndogo za kuifichua zilikuwa zimezagaa. Ni .accdb, iliyokuja na Access 2007, ndiyo iliyoanza kufumba data kwa dhati. Lakini nilitaka kwanza kujua kama kijana alidanganya, maana ukiitwa mwizi Arua, habari inafika sokoni kabla yako.

Karani yule aliijua kazi. Majedwali yenye madeni aliyaweka ghalani, fomu za kuyajazia akaziweka kwenye kompyuta ya kaunta, na waya ukaziunganisha. Sasa faili ya kaunta ilikuwa inayafikiaje majedwali kila siku bila mtu kuulizwa paswadi? Lazima ilikuwa imeihifadhi mahali. Nikaifungua huku nimebana Shift ili fomu ya mwanzo isijitokeze, nikaruhusu majedwali ya mfumo yaonekane, nikaingia kwenye lile linaloitwa MSysObjects. Katika safu ya Connect ilikuwa peupe kabisa: PWD=maziwa2008. (Wanaoamini paswadi ya aina hii inalinda siri waitazame safu hiyo mara moja tu.)

Nikamwita Hajji. Akasoma taratibu, kidole kwenye kioo, herufi kwa herufi.

"Basi mbona inakataa?"

Nikahamia kwenye kompyuta ya Ariwara. Kisanduku cha paswadi huonyesha nyota tu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameona alichokiandika. Nikafungua Notepad, nikaandika maziwa2008 polepole, nikitazama vitufe. Kwenye kioo kikatokea hiki:

,qwizqéàà_

Hajji akaniuliza kama ni Kiarabu.

Windows ya kompyuta ile ilikuwa bado imepangwa kwa kibodi ya Kifaransa, ilhali kibodi tuliyochomeka ilikuwa ya Kiingereza. Ukibonyeza A unapata Q, ukibonyeza W unapata Z, M inageuka mkato, na tarakimu hazitoki mpaka ushike Shift. Chini kulia, karibu na saa, kulikuwa na herufi mbili ndogo: FR. Nikabonyeza Alt na Shift kwa pamoja, zikawa EN. Paswadi ikakubali papo hapo, na madeni ya Ariwara yakajipanga mbele yetu, hakuna hata shilingi iliyoguswa.

Hajji akachukua simu. Salamu ndefu za Kinubi, mvua ya Juba, afya ya mama, bei ya mahindi. Neno la wizi halikutajwa, wala la samahani. Mimi nilijifanya nakunja waya.

Alipokata simu akanigeukia. "Vitufe viwili tu, na unataka pesa yote hiyo?"

Akanipa nusu. Nusu iliyobaki akamwagiza kijana wa kaunta aiandike kwenye programu. Kijana akapekua fomu zote, juu hadi chini. Karani hakuwa ameweka mahali pa kuandika watu wanaomdai Hajji.