Kukimbia kwa siku tano kutoka Nainokanoka hadi Ziwa Natron

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mkazi wa Dar es Salaam, na kwa miaka sita nimekuwa nikikimbia barabarani, katika jiji ambalo mwinuko mkubwa kuliko yote katika mazoezi yangu ya kawaida ni ule wa Daraja la Tanzanite. Nusu marathoni ya Moshi nimeimaliza mara mbili. Septemba iliyopita nilijiunga na kundi la watu tisa, tukakimbia kwa siku tano chini ya waongozaji wawili, kutoka kijiji cha Nainokanoka katika Hifadhi ya Ngorongoro, kupitia kreta za Olmoti na Empakaai, hadi Ngare Sero kando ya Ziwa Natron. Naandika kwa ajili ya wakimbiaji wa pwani wanaotamani safari ya namna hii, kwa sababu nilipokuwa najiandaa kila niliyemuuliza alinionya kuhusu kupanda, na hapakuwa na hata mmoja aliyenionya kuhusu kushuka.

Nyanda hizo ni mkusanyiko wa volkano zilizojipanga kando ya Bonde la Ufa. Ngorongoro yenyewe ilikuwa mlima mrefu ambao kilele chake kilididimia kati ya miaka milioni mbili na tatu iliyopita, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyokuwa chini yake ilipotoka, kikaacha bakuli lenye kina cha mita 600 hivi na sakafu ya takribani kilomita za mraba 260. Jirani yake kuna Loolmalasin wenye zaidi ya mita 3,600, mlima wa tatu kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro na Meru, ingawa Watanzania wengi hatujawahi kuusikia. Safari huanzia kwenye baridi ya nyanda hizo, mahali ambapo kingo za kreta hufika mita 3,000 na zaidi, na kuishia Natron, ambako ni kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Tofauti hiyo niliiona kwenye ramani miezi minne kabla ya kuondoka, na niliipokea kama habari njema.

Kwa hiyo nilijiandaa kwa kupanda. Jumamosi nilikwenda vilima vya Pugu, mara mbili nikasafiri hadi Morogoro kupanda Uluguru hadi Morningside, na siku za kazi nilipanda ngazi za jengo letu la ofisi lenye ghorofa kumi, kisha nikashuka kwa lifti nikiamini kwamba ninayatunza magoti. Lifti hiyo ndiyo kosa kubwa la maandalizi yangu yote. Misuli ya mbele ya paja hufanya kazi moja wakati wa kupanda na kazi nyingine kabisa wakati wa kushuka, kwa kuwa mtu anaposhuka misuli hujikaza huku inavutwa na kurefuka, na ni kazi hii ya pili inayoiumiza misuli isiyoizoea. Laiti ningeshuka ngazi zile kwa miguu, taratibu, walau mara mbili kwa wiki, siku ya nne ya safari ingekuwa tofauti kabisa.

Siku ya kwanza ilikuwa fupi. Tulipanda Olmoti kutoka kituo cha askari cha Nainokanoka kwa muda wa saa moja hivi, tukiongozwa na askari wa uhifadhi mwenye bunduki, hadi ukingoni, ambapo kreta si shimo refu bali ni uwanda wa majani mafupi ambamo Mto Munge huchuruzika kabla ya kuporomoka kwenye maporomoko na kuelekea Ngorongoro. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika hifadhi hii hukimbii popote unapotaka. Katika msitu wenye nyati askari hutangulia na kila mtu hutembea nyuma yake, kwa sababu nyati aliyeshtuliwa kwa karibu ni hatari kuliko mnyama mwingine yeyote wa huko. Tulikimbia tu pale nchi ilipofunguka, na kwangu mpango huo ulikuwa neema, kwa kuwa vipindi vya kutembea vilinipa nafasi ya kurudisha pumzi.

Jambo la pili tulilofundishwa lilihusu mifugo na watu. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1959 ikiwa mahali ambapo watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja, na karibu kila njia tuliyoikanyaga ilichongwa na kwato za ng'ombe wanaokwenda majini au na miguu ya akina mama wanaokwenda mnadani. Mwongozaji alituambia kwamba tukiona kundi la ng'ombe au boma tuache kukimbia tukiwa bado mbali, kwa sababu ng'ombe hutawanyika, na mchungaji akiona watu tisa wanakuja mbio huuliza kwanza ni kitu gani kinachowafukuza. Basi tulitembea na kusalimu. Wazee niliwaamkia shikamoo, na kinamama walinisalimu "Takwenya", nami nikajibu "Iko" kama nilivyofundishwa asubuhi ya siku ile. Naona utaratibu huu ungepaswa kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila tangazo la safari kama hizi, kwa kuwa kupita mbio mbele ya mzee aliyeketi nje ya boma lake bila kumsalimu ni utovu wa adabu, haidhuru umelipa kiasi gani.

Siku ya pili, tulipokuwa tunavuka bonde la nyasi la Embulbul na kuanza kupanda kuelekea Empakaai, nilipata maumivu ya kichwa. Katika kimo cha mita 3,000 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa usawa wa bahari, na mimi nilikuwa nimetoka Dar es Salaam siku mbili tu kabla. Niliyaficha maumivu hayo kwa karibu saa tatu kwa kuwa nilikuwa wa mwisho katika kundi na sikutaka kuwachelewesha wenzangu. Mwongozaji wa nyuma, mwanamume wa makamo aliyekuwa akikimbia mkiani siku zote, ndiye aliyegundua, kwa kuwa nilikuwa nimeacha kunywa maji. Hakunigombeza. Alinitembeza, akanipa maji yenye ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), akaniuliza kama nasikia kichefuchefu au kizunguzungu, kisha akanieleza kwamba kama hali ingezidi angenishusha kwa gari usiku uleule bila kunijadili. Hali haikuzidi. Lakini nilitambua kwamba katika kundi, mtu anayenyamaza ndiye anayewachelewesha wenzake, kwa kuwa waongozaji hawawezi kupanga mwendo kwa jambo wasilolijua. Ningeshauri mtu wa pwani alale Karatu usiku mmoja au miwili kabla ya kuanza.

Usiku ukingoni mwa Empakaai ulikuwa wa baridi kali kiasi kwamba nililala na kofia, soksi jozi mbili na kanga juu ya mfuko wa kulalia. Asubuhi ukungu ulipoondoka, upande mmoja tuliliona ziwa chini ya kreta, na upande mwingine, mbali kaskazini, volkano ya Ol Doinyo Lengai ikiwa imesimama peke yake kama pia. Tulishuka ndani ya kreta kwa njia nyembamba ya msituni, miti mikubwa ikiwa imefunikwa na nyuzi za kijivu zinazoning'inia, na kwa sababu ya nyati tulitembea mwendo wote. Chini kuna ziwa la magadi, na ufukwe wake ulikuwa na mstari wa waridi wa ndege aina ya heroe ambao tuliusikia kabla ya kuuona. Tulikaa pale karibu saa nzima bila kusemezana sana. Kisha tulipanda tulikotoka, na katika kupanda huko, kama nilivyofanya mazoezi, sikuwa wa mwisho.

Siku ya nne ndiyo iliyonijaribu. Kutoka Nayobi njia huacha nyanda za juu na kuporomoka kuelekea kambi iliyo katikati ya migunga, na hakuna barabara ya gari. Mizigo yetu na madumu ya maji vilitangulizwa kwa punda. Ardhi hapo imetokana na majivu ya volkano. Mahali pengine ni laini na hufika kwenye kifundo cha mguu, na mahali pengine mvua imeyachimba majivu yakawa makorongo yenye kuta za wima, huku changarawe ndogo zikiwa zimelala juu ya udongo mgumu kama shanga zilizomwagwa sakafuni. Ndani ya nusu saa ya kwanza mapaja yangu yalianza kutetemeka. Niliogopa, nikaegemea nyuma, nikawa nafunga breki kwa visigino kila hatua, na mwishowe miguu ilitangulia mbele na mimi nikaketi chini, kiganja cha mkono wa kulia kikachunika.

Yule mwongozaji wa nyuma alinisafisha jeraha, kisha akasema, "Dada, unauogopa mteremko, ndiyo maana unaukimbia kwa kurudi nyuma. Lete uzito wako juu ya miguu." Tulisimama hapo kama dakika kumi akinionyesha. Palipo na changarawe juu ya udongo mgumu, hatua ziwe fupi mno na za haraka, mguu utue chini ya mwili wala si mbele yake, magoti yawe yamelegea na mikono ifunguliwe pembeni kama mtu anayevuka gogo. Palipo na majivu laini, mambo hugeuka: hatua zirefushwe kidogo, kisigino kitangulie na kuzama, na majivu yenyewe yabebe mshtuko. Macho yaangalie hatua tano au sita mbele, kwa sababu ukitazama vidole vyako kila jiwe hukujia kwa ghafla. Aliniambia pia nifunge upya kamba za viatu, nikazie kwenye kifundo na kulegeza mbele, ili mguu usisukumwe hadi kwenye ncha ya kiatu. Wenzangu wawili ambao hawakufanya hivyo, na ambao viatu vyao viliwatosha barabara bila nafasi, walifika chini kucha zao za vidole gumba zikiwa nyeusi.

Nilianza upya, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nilisikia raha ya kushuka. Sikuwa na kasi. Niliacha tu kupigana na mteremko. Kwa sababu ya vumbi tuliachana kwa mita kama 20 kila mtu na mwenzake, nami nilifunga kipande cha kanga puani na mdomoni, kitu ambacho kilinifaa kuliko kitambaa cha kukimbilia nilichokinunua kwa bei kubwa. Tende na kashata nilizozibeba kutoka nyumbani zililiwa na kundi zima kabla ya saa sita mchana. Lengai ilikuwa mbele yetu muda wote, mistari myeupe ikishuka ubavuni mwake. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayojulikana kutoa lava ya natrokabonatiti, lava yenye joto la nyuzi kati ya 500 na 600 tu, nyeusi inapotoka, ambayo baada ya kukutana na unyevu hugeuka nyeupe. Wamasai huuita Mlima wa Mungu, na mzee aliyewaongoza punda wetu hakuunyooshea kidole hata mara moja. Alipotaka kutuonyesha kitu upande ule, aliinua kidevu.

Siku ya tano, kutoka migungani hadi Ngare Sero, tuliondoka alfajiri ili kulikwepa joto, na bado kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimemaliza lita mbili na nusu za maji. Mtu aliyevaa soksi jozi mbili siku mbili nyuma sasa anatafuta kivuli cha mgunga mmoja. Kwa kilomita za mwisho tulikimbia pamoja, wote tisa, kwa mwendo wa mtu wa nyuma, yaani mwendo wangu.

Usiku ule wenzangu watano waliamka saa sita kwenda kupanda Lengai, ambayo hupandwa gizani kwa sababu ya joto na kwa sababu miteremko yake ya juu ni mikali sana. Nilikuwa nimelipia nafasi hiyo, lakini niliiacha. Mlima uliolipuka kwa nguvu mwaka 2007, baada ya matetemeko yaliyosikika hadi Nairobi, haufai kupandwa na mtu ambaye mapaja yake hayamtii wakati wa kushuka, na mapaja yangu yalikuwa yamekwisha. Sikujutia uamuzi huo, wala mwongozaji hakujaribu kuubadilisha.

Badala yake nilikwenda na kijana wa kijiji, jua lilipochomoza, kutazama nyayo za Engare Sero. Ziko zaidi ya 400, zilizoachwa na watu kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita, katika tope la majivu yaliyoletwa na maji kutoka Lengai, tope lililokauka na kuwa jiwe. Watafiti waliozipima wameeleza kwamba kundi moja lilikuwa na watu 17, wengi wao wanawake wazima, waliopita pamoja wakielekea upande mmoja kwa mwendo wa kutembea. Nyingine ni za watu waliopita upande tofauti, na baadhi yao walikuwa mbioni. "Shikamoo mama, njoo huku," kijana yule aliniita kutoka upande wa pili, akanionyesha kwa fimbo yake nyayo zilizoachana zaidi ya zile nyingine. "Huyu alikuwa anakimbia." Vidole vilikuwa vimezama kuliko kisigino. Nilisimama nje ya mwamba, sambamba na alama hizo, nikapiga hatua zangu juu ya mchanga kuzilinganisha, na kwa magoti niliyokuwa nayo asubuhi ile hatua yangu ilikuwa fupi kuliko yake.