Njia ya kutoka maktaba

Maktaba yetu ilikuwa ikifungwa saa nne usiku. Kutoka hapo hadi hosteli kulikuwa na njia mbili: ya mkato, nyuma ya maabara, dakika saba hivi, na ya kuzunguka, kupitia kwenye kibanda cha mlinzi, robo saa nzima. Mwaka wa kwanza wote nilipita ya mkato, hedifoni masikioni na simu mkononi.

Usiku mmoja, chini ya taa pekee iliyokuwa ikiwaka upande ule, niliona vivuli viwili ardhini. Changu, na kingine nyuma yangu. Nilivua hedifoni nikasimama. Naye akasimama. Dirisha moja la maabara lilikuwa na mwanga, nikaliendea mbio na kugonga mlango kwa viganja vyote viwili. Fundi wa maabara aliponifungulia, njia ilikuwa tupu. Mpaka leo simjui mtu yule. Huenda alikuwa mwanafunzi mwenzangu anayerudi kulala, lakini miguu yangu ilitetemeka hadi asubuhi.

Kwa wiki mbili sikukanyaga maktaba usiku. Nilisomea kitandani, nikasinzia juu ya daftari, na jaribio lililofuata nikaanguka. Nilipomweleza mwenzangu wa chumba, alikasirika kuliko mimi. “Kwa hiyo yeye atembee, wewe ufungiwe ndani?” aliniuliza. Swali hilo ndilo lililonitoa kitandani. Tangu hapo nakataa ushauri wa “wasichana wasitoke usiku”, kwa sababu unatunyang'anya saa za kusoma na kuiacha njia vilevile ilivyokuwa.

Tulianza na njia yenyewe. Tulikwenda watu wanne, tukahesabu nguzo za taa za njia ile ya mkato. Zilikuwa kumi na moja; nne zimekufa, na mbili zimefunikwa na matawi. Mara ya kwanza nililalamika kwa mdomo katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi, nikajibiwa kwamba litashughulikiwa. Mara ya pili nilipeleka barua yenye ramani niliyoichora, kila nguzo mbovu imewekewa alama, na nakala yangu nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule ulifanya kazi ambayo malalamiko yangu ya mdomo hayakuifanya. Wiki ya tatu matawi yalikatwa na taa tatu zikawaka.

Kisha tukafanya makubaliano. Watu wengi huagana kwa “ukifika nijulishe”, halafu asipojulisha hakuna anayejua afanye nini. Sisi tulikubaliana kuhusu ule ukimya. Anayeondoka peke yake anasema anapita wapi na atafika saa ngapi. Zikipita dakika ishirini bila ujumbe, anapigiwa. Asipopokea, anapigiwa tena. Asipopokea mara ya pili, tunakwenda kwa mlinzi, bila kuogopa kwamba tutaonekana tumekuza jambo. Niliwahi kuishiwa chaji nikapitiwa na usingizi, nikashtushwa na wenzangu mlangoni wakiwa na mlinzi na tochi. Niliomba radhi, nao wakaniambia wako tayari kugonga mara mia.

Lakini gizani siko kuliko na hatari kubwa zaidi. Katika ukatili wa kijinsia, mara nyingi anayedhuru ni mtu anayefahamika: mwanafunzi mnayejadiliana naye masomo, mpenzi wa zamani, hata mtu mwenye mamlaka juu ya alama zako. Kwa hiyo tuliongeza neno la siri. Mmoja wetu akiandika “una notisi za takwimu?”, maana yake ni “nipigie sasa hivi, nipe sababu ya kutoka hapa”.

Lilitumika muhula uliofuata. Rafiki yangu aliitwa ofisini jioni, watu wameshaondoka, eti wazungumzie matokeo yake. Ujumbe wa takwimu ulipoingia nilimpigia huku tukipanda ngazi, tukagonga mlango sote watatu. Alitoka na begi lake, hakusema neno mpaka tulipofika chini. Usiku huohuo aliandika kila alichoambiwa, tarehe na saa, kabla kumbukumbu haijapoa, na hakuufuta ujumbe wa kumwita. Kesho yake tulimsindikiza kuripoti rushwa ya ngono. Alituomba tusimwache peke yake hata dakika moja katika ofisi zile, nasi hatukumwacha.

Mengine tuliyoyafanya yalikuwa madogo. Tuliacha kumshikilia mlango wa hosteli mtu tusiyemjua, ingawa mwanzoni niliona ni utovu wa adabu. Kila mmoja alibonyeza *#06# akanakili kwenye daftari IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu yake, maana simu ikishaibiwa huwezi kuisoma tena kwenye kioo. Namba ya kibanda cha mlinzi tuliihifadhi simuni na kuikariri pia.

Mimi nimerudi maktaba. Napita njia ya kuzunguka nikiwa peke yangu, na ya mkato tukiwa wengi, sikio moja likiwa wazi. Taa ya nne haijawaka bado. Barua yake ya pili nimeipeleka Jumatatu, na safari hii ina saini thelathini na sita.