Siku Yangu Moja na Kitenzi «Dudar»

Kazi yangu ni kufasiri barua na nyaraka za Kihispania hapa Mwanza, na siku ya jana karibu yote ilichukuliwa na kitenzi kimoja, «dudar». Kamusi ndogo hukimaliza kwa maneno matatu, «kuwa na shaka», na kwa kuyaamini maneno hayo matatu nilimkosea mtu mwezi uliopita.

Saa 12 asubuhi nilipita Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa kabla ya kwenda ofisini. Mama mmoja wa makamo aliyenitangulia alichota dagaa kwa kiganja, akazivunja mbili tatu karibu na sikio ili asikie kama zimekauka sawasawa, kisha akanusa vidole vyake. Muuzaji akamwambia kwa upole, «Una wasiwasi gani, mama? Zimeanikwa juu ya wavu hizi, hazina mchanga.» Nililiandika neno hilo kwenye daftari papo hapo. Angalisema «unanishuku», pangezuka maneno, kwa sababu wasiwasi huwa juu ya kitu, lakini kushuku humwangukia mtu.

Saa 2 nilikuwa mezani. Barua ilitoka Vigo, bandari ya uvuvi iliyoko kaskazini-magharibi mwa Hispania, kwa mnunuzi wa minofu ya sangara, kwenda kwa kiwanda kimoja cha hapa kando ya ziwa. Sentensi ya kwanza ilisema: «Tenemos algunas dudas sobre la temperatura durante el transporte.» Sentensi ya namna hiyo ndiyo niliyoifasiri mwezi uliopita kuwa «tuna mashaka na halijoto», na meneja, mtu mzima mwenye heshima zake, akaona ameitwa mwongo, akakaa siku 4 bila kujibu. Kosa lilikuwa langu. Mwanafunzi wa Kihispania anaponyoosha mkono darasani husema «tengo una duda», naye hamtilii mwalimu shaka yoyote, ana swali tu, na mwisho wa mkutano mwenyekiti huuliza «¿alguna duda?» pale ambapo sisi tungeuliza «kuna swali?». Isitoshe, mashaka katika Kiswahili yamekwisha kubeba mzigo wa taabu na dhiki, hata mtu akisema kwamba amepata mashaka safarini, tunampa pole. Safari hii niliandika: «Tuna maswali kadhaa kuhusu halijoto wakati wa usafirishaji.»

Saa 4 nilifika kwenye sentensi ngumu kuliko zote: «Dudamos que el hielo fuera suficiente.» Hapa shaka ni shaka kweli, wala si swali. Baada ya «dudar que», Kihispania hubadilisha umbo la kitenzi kinachofuata, yaani «fuera» badala ya «fue», ili msomaji ajue kwamba jambo hilo halijathibitishwa na mwandishi. Sisi tunayo dhamira inayoishia na -e, kama katika «aje» na «itoshe», lakini kazi yake kubwa ni kuamuru, kuomba na kutaka. Shaka tumeikabidhi kwa neno dogo «kama», ndiyo maana twasema «sidhani kama atakuja». Nilijaribu «tunatilia shaka kutosha kwa barafu», nikaifuta kwa kuwa hakuna mvuvi wala mpakia samaki azungumzaye hivyo, nikaandika: «Tuna wasiwasi kama barafu ilitosha.» Neno la yule muuzaji wa Mwaloni lilikaa mahali pake.

Mchana nilikula ugali na sato, nikarudi.

Saa 8 ilibaki tamati ya barua, «No duden en escribirnos», ambayo Wahispania huiweka karibu kila barua ya biashara. «Dudar» ikifuatwa na «en» na kitenzi kisichonyambuliwa kwa nafsi, maana yake ni kusita, hivyo nikaandika: «Msisite kutuandikia.» Uhusiano wa shaka na kusita unaeleweka vizuri ukitazama asili ya neno, kwa kuwa «dudar» limetokana na Kilatini «dubitare», lenye undugu na «duo», yaani mbili. Nami hupenda kukumbuka kwamba Waraka wa Yakobo katika Biblia yetu ya Kiswahili unamtaja mtu wa nia mbili kuwa husitasita katika njia zake zote. Hesabu ni ileile.

Saa 10 jioni nilimpelekea meneja tafsiri. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

«Kwa hiyo hawatushuku, binti yangu?»

«Hapana, mzee. Wanauliza habari za halijoto, na barafu ndiyo inayowatia wasiwasi.»

Alimwita msimamizi wa chumba cha baridi, akaagiza daftari la vipimo vya halijoto, tukakaa kuandika majibu papo hapo. Alipotaka niwaambie wasiwe na wasiwasi kuhusu shehena ijayo, niliandika «que no les quepa la menor duda», usemi unaoichukulia shaka kama kitu kinachotafuta pa kuingia na kukosa nafasi. Nilimweleza maana yake neno kwa neno. Akafikiri kidogo, kisha akaniambia niufute kwanza, niambatishe vipimo.

Niliufuta, nikaviambatisha, na barua ikaondoka saa 11 na nusu, huko Vigo ikiwa bado ni mchana.